Maswali ya Wasomaji: Mtandao upi una kasi kwetu Kusini?

Barua nyingi za awamu hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo lilelile: mtandao upi ni bora. Tumechagua saba. Majina ya mitandao iliyolalamikiwa tumeyaondoa, maana mnara unaomsumbua msomaji wa Ruangwa haumhusu mteja wa mtandao huohuo aliyeko Masasi.

Wahariri, habari za kazi. Nina steshenari hapa Kitangari, Newala. Natuma maombi ya ajira na ya vyuo kwa niaba ya wateja. Kila mwaka naona mtandao mmoja unajitangaza kuwa na kasi kuliko yote nchini. Safari hii nikahamia huko. Asubuhi mambo safi, jioni inazunguka tu. Hao wanaopima wanapimia wapi? – Mama wa steshenari, Kitangari

Hawakudanganya, mama, ila hawakupimia Kitangari. Tuzo hizo hutokana na vipimo ambavyo wenye simu hujifanyia kwa programu kama Speedtest, au vinavyokusanywa kimyakimya ndani ya simu, kama wanavyofanya Opensignal. Vya nchi nzima huunganishwa, kila mtandao ukapewa namba moja. Sasa wenye simu za bei kubwa, bando la kutosha na hamu ya kupima wako wapi kwa wingi? Dar es Salaam, kisha Mwanza, Arusha na Dodoma. Mtandao uliojipanga vizuri Kariakoo na Mikocheni unaweza kuongoza jedwali hata kama Newala unategemea minara michache iliyoelemewa. Jedwali la taifa lisome kama habari za miji mikubwa. La kwako litengeneze mwenyewe, siku mbili zinatosha.

Tumia simu moja, na kila laini ikae kwenye tundu lilelile kwa zamu. Zima Wi-Fi, VPN na masasisho ya programu. Kaa kwenye kaunta yako, usitoke nje chini ya mkorosho ambako mtandao ni mzuri lakini hufanyii kazi. Kwenye Speedtest, usiiachie programu ichague seva. Ikitambua laini yako inaweza kukupeleka kwenye seva ya mtandao huohuo iliyoko Dar, na hapo utakuwa umepima njia ya ndani kwao tu. Chagua seva moja ya Dar es Salaam isiyo ya mtandao wowote unaoulinganisha, kisha itumie kwa laini zote.

Kila kikao pima mara tatu, uandike namba ya katikati, si ile iliyokufurahisha. Fanya vikao vitatu kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Siku moja iwe ya kazi, nyingine Jumamosi au Jumapili. Hivyo ni vipimo 18 kwa kila laini. Kipimo cha sekunde 10 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde hula megabaiti 12.5 za kupakua, na za kupakia zinaongezeka juu yake. Bando la GB 1 kwa laini linatosha. Aliye mjini kwenye 5G ya megabiti 200 awe mwangalifu: kupakua tu, kipimo kimoja kinamla megabaiti 250, na wapo wanaomaliza bando kwa kumwonyesha jirani namba.

Andika vitu vinne: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, pingi (milisekunde ambazo data inatumia kwenda kwenye seva na kurudi) na nguvu ya mawimbi. Kwa kazi yako ya kutuma vyeti, kupakia kuna uzito kuliko kupakua, na matangazo hayataji kupakia kabisa. Faili la megabaiti 5 ni megabiti 40: kwa kasi ya kupakia ya megabiti 4 linakwenda kwa sekunde 10, kwa nusu megabiti ni sekunde 80, na mifumo mingi ya maombi haina subira hiyo, inakutoa uanze upya.

Nguvu ya mawimbi usiisome kwa vijiti vya juu ya kioo. Kila mtengenezaji wa simu hupanga vijiti vyake anavyotaka. Kwenye Android nyingi ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Utaona namba hasi yenye dBm. Kwenye iPhone piga \*3001#12345#\*. Kwa 4G, -80 ni nzuri sana, -100 inafanya kazi, -110 ni ya kubahatisha, na karibu na -120 simu inakata tamaa.

Sasa soma daftari lako. Kama nguvu ya mawimbi haibadiliki, lakini asubuhi unapata megabiti 25 na usiku 2, basi mnara umejaa watu. Kuhamisha simu dirishani hakutasaidia. Kinachosaidia ni laini ya mtandao wenye wateja wachache kwenye eneo lako, hata kama kitaifa ni mdogo. Kama ni -115 na kasi ni mbovu saa zote, tatizo ni umbali, kilima, au bati la paa. Na kama ni -80 lakini kasi ni mbovu mchana na usiku, tilia shaka mambo mawili: laini ya zamani ya enzi za 3G (ibadilishwe dukani), au mnara wenyewe kuunganishwa na dunia kwa njia nyembamba. Mnara wa kijijini mara nyingi haujafikiwa na faiba. Unarushiana mawimbi na mnara mwingine, nao na mwingine, na wote wanaonyonya kwenye mlolongo huo wanagawana uwezo uleule.

Kwa dukani kwako, sisi tungechukua laini yenye megabiti 4 saa 2 usiku, tukaiacha yenye 40 alfajiri na 1 jioni. YouTube wenyewe wanasema picha ya 480 inahitaji megabiti 1.1, ya 720 megabiti 2.5, ya 1080 megabiti 5. Inayobaki juu ya hapo, kwa simu moja, ni mbwembwe.

Shikamooni wahariri. Ramani ya mtandao wangu imepaka rangi karibu wilaya yote, lakini nikitoka Liwale mjini kilomita chache simu inaandika "hakuna huduma". Ndugu zangu wa Tandahimba hawalalamiki hivyo. Sisi Lindi tumekosa nini? – Mwalimu, Liwale

Marahaba, mwalimu. Mmekosa msongamano. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.63 mkoani Mtwara, kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 16,700. Lindi ilihesabiwa watu milioni 1.19 kwenye zaidi ya kilomita za mraba 66,000. Gawanya: Mtwara karibu watu 98 kwa kilomita ya mraba, Lindi 18. Na hao 18 ni wastani unaojumlisha Lindi mjini na Nachingwea; Liwale, inayopakana na mapori ya Selous ya zamani, iko chini zaidi. Mnara mmoja wa uwanda wa Makonde unahudumia vijiji kadhaa vilivyoshikana. Mnara huohuo Liwale unahudumia kijiji kimoja na msitu.

Ndiyo maana ukisikia kampuni inasema imefikia asilimia 90 na kitu, uliza: ya watu au ya ardhi? Karibu kila mara ni ya watu. Mtandao unaweza kuwafikia walio wengi nchini ukaacha nusu ya barabara ya Nangurukuru–Liwale bila mawimbi, na takwimu zisiwe na kosa.

Ramani nayo huchorwa na kompyuta. Inapewa urefu wa mnara, nguvu ya redio na sura ya ardhi, inakadiria mawimbi yatafika wapi kwa mtu aliyesimama nje. Wewe uko ndani ya nyumba ya tofali, chini ya bati, na miti ina majani mabichi ya masika. Kila kimoja kinapunguza. Ramani za nPerf na Opensignal, zinazotokana na simu za watu, hukaribia ukweli zaidi, ila vijijini zina mashimo kwa sababu hakuna aliyepita akipima.

Kuna jambo moja lililo mikononi mwako. Mawimbi ya masafa ya chini, yaani megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na hupenya kuta kuliko ya 1800 au 2300. Simu iliyoagizwa kutoka soko la nchi nyingine inaweza kuwa na 4G kwenye boksi lakini ikakosa masafa hayo. Kabla hujanunua, tafuta toleo kamili la simu hiyo na uangalie orodha yake ya bendi: kwa huku hakikisha zipo B3 (megahezi 1800), B20 (800) na B28 (700). Ikikosa B20 na B28, utakaa mguu wa mnara wa 4G wa masafa ya chini ukisoma herufi E, yaani 2G.

Sisi ni chama cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS), Tandahimba. Msimu wa korosho ukifika, siku za mnada na za malipo mtandao unakufa kabisa. Tumefikiria kununua ruta na antena ya nje. Itatusaidia? – Karani wa AMCOS

Inategemea namba ile ya dBm, karani. Pima mwezi wa nane wakati hakuna watu, kisha pima siku ya mnada. Kama nguvu ni ileile na kasi imeporomoka, mnara umezidiwa na antena haiongezi nafasi kwenye mnara uliojaa. Isipokuwa kwa hila moja: antena ya mwelekeo inaweza kuelekezwa kwenye mnara mwingine wa mbali ambao haujajaa, jambo ambalo simu ya mkononi hailiwezi. Uwanda wa Makonde ni mahali pazuri kwa hilo kwa sababu mko juu na tambarare.

Mkinunua, nunueni ruta yenye matundu mawili ya antena na antena ya jozi, yaani yenye nyaya mbili, kwa kuwa 4G hutumia njia mbili kwa pamoja. Antena ya waya mmoja inaweza kukupa vijiti vingi na kasi ndogo kuliko awali. Kosa kubwa tunaloliona ni waya mrefu. Waya mwembamba wa RG-58 katika megahezi 1800 hupoteza karibu desibeli 8 kwa mita 10, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Mnapandisha antena mlingotini kupata desibeli 9, zinaishia njiani. Fupisheni waya wa antena usizidi mita 2 au 3, ruta ikae juu karibu nayo ndani ya kasha lisilopitisha maji, kisha mshushe waya wa mtandao wa kawaida wenye kubeba na umeme wake.

Kifaa cha kukuza mawimbi kinachouzwa bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, msikiguse. Kikijipigia kelele chenyewe kinaharibu mnara kwa kila mtu, na mtatafutwa.

Kwa malipo, tenganisheni kazi. Menyu za nyota za benki na za pesa za simu hazihitaji intaneti. Zinapita hata kwenye 2G. Siku ya msongamano weka simu ya malipo kwenye 2G pekee (Mipangilio, Mitandao ya simu, Aina ya mtandao inayopendelewa) iache kupigana na mamia ya simu zinazong'ang'ania 4G. Menyu ikikatika katikati, usirudie muamala kabla ya kuangalia salio. Laini mbili za kampuni tofauti ni lazima, na zisiwe kwenye mnara mmoja: tutaeleza hapo chini kwa nini. Mwisho, andikeni barua kwa kampuni mwezi mmoja kabla ya msimu, mkitaja tarehe, ghala na idadi ya wakulima. Kampuni zina minara ya kubebeka kwenye magari, na hupelekwa kwa walioomba mapema.

Nikiwa baharini mbele ya Kilwa, simu inaonyesha vijiti viwili lakini nikipiga haitoki. Mwenzangu mwenye kitochi anapiga. Simu yangu ya laki sita imeshindwa na ya elfu thelathini? – Nahodha, Kilwa Kivinje

Imeshindwa kihalali, nahodha. Vijiti vinapima mnara unavyosikika kwako, havisemi kama mnara unakusikia wewe. Mnara una nguvu nyingi; simu yako ina betri ndogo. Kwenye 4G simu hutoa kama wati 0.2 tu. Kwenye 2G ya megahezi 900 hufika wati 2, mara kumi zaidi. Kitochi kiko 2G muda wote, ndiyo siri yake. Kabla ya kung'oa nanga weka simu yako kwenye 2G pekee na nyinyi wawili mtakuwa sawa.

Hata hivyo kuna mipaka miwili. Wa kwanza ni mviringo wa dunia: mnara wa mita 40 ulio usawa wa bahari na simu iliyoshikwa mita 2 juu ya maji huonana hadi kilomita 32 hivi. Ukipanda ukaishika mita 5 juu, unaongeza kama kilomita 3. Wa pili ni wa 2G yenyewe: mfumo ulitengenezwa kupokea simu zisizozidi kilomita 35 kutoka mnarani. Ukivuka hapo unaweza kuuona mnara na ukakataliwa, kwa sababu sauti yako inafika ikiwa imechelewa kuliko nafasi iliyopangiwa. Mnara ulio kilimani unasikika mbali zaidi lakini hizo 35 hazibadiliki.

Kwa dharura piga 112. Hiyo hupokelewa na mnara wa mtandao wowote unaofikika, si wa laini yako tu. Ukitoka nje ya umbali huo, simu si chombo cha uokoaji tena. Redio ya VHF chaneli 16 ndiyo.

Huku Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, simu inarudi nyuma saa nzima na bando linapotea. Watoto wamechelewa shule mara mbili. – Mzazi, Mtwara Vijijini

Simu imehamia Msumbiji bila kuaga. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu hufuata saa ya mnara ilioushika. Jambo hili hutokea bondeni kote, hadi Mtambaswala. Zima romingi ya data. Kisha Mipangilio, Mitandao ya simu, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, uchague wa kwako kwa mkono. Orodha ikionyesha namba badala ya majina, Tanzania huanza na 640 na Msumbiji 643. Angalia hasa jina Vodacom: lipo pande zote mbili, bili ni tofauti. Tarehe na saa nazo ziweke ukanda wa Dar es Salaam kwa mkono, kengele ya shule itarudi mahali pake.

Kampuni zinatangaza uwekezaji wa mabilioni. Sisi wa serikali ya kijiji tutajuaje kama katika hayo kuna chetu? Na mnara wetu tukiupata, tuombe mtandao upi? – Mjumbe, Nanyumbu

Mabilioni yanayotangazwa huwa ni mfuko mmoja wenye vitu vingi, mjumbe. Ndani kuna ada za masafa, mifumo ya kutoza bando, majengo, magari, betri za minara ya zamani, na ndipo minara mipya. Mwezi Oktoba 2022, kwa mfano, TCRA ilinadisha masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500. Fedha ambazo kampuni zinalipia masafa huweza kuhesabiwa kwenye uwekezaji wao, lakini masafa ni haki ya kurusha, hayarushi chochote mpaka redio ifungwe mnarani. Tena vifaa hununuliwa kwa dola. Shilingi ikishuka, mabilioni yanaongezeka kwenye tangazo na idadi ya redio inabaki palepale.

Kwa hiyo linganisha kwa njia nyingine. Chukua uwekezaji wa mwaka, ugawe kwa mapato ya mwaka huo. Kampuni nyingi za simu duniani huwekeza kati ya shilingi 10 na 20 katika kila 100 wanazoingiza; inayokaa chini ya hapo miaka mfululizo inakula mtaji wake, na kasi itakuja kusema. Vodacom Tanzania iko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2017, hesabu zake za mwaka unaoishia Machi ni za wazi. Airtel, ambayo serikali ina asilimia 49, hesabu zake za jumla za Afrika hutolewa London. TTCL ni ya umma na hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, CAG. Yas, iliyokuwa Tigo hadi Novemba 2024, iko chini ya Axian. Halotel ni ya Viettel ya Vietnam, iliyoingia sokoni Oktoba 2015 kwa minara ya vijijini na nyaya zake yenyewe. Mbili hizi za mwisho ni ngumu zaidi kwa mwananchi kuzikagua.

Idadi ya minara nayo ipokee kwa tahadhari. Siku hizi minara mingi si ya kampuni za simu bali ya kampuni za kupangisha, kama Helios Towers, na mnara mmoja unabeba mitandao miwili au mitatu. Ndiyo sababu tulimwambia karani wa Tandahimba kuwa laini mbili zilizo kwenye mnara mmoja ni kinga nusu: jenereta likikosa mafuta, zote zinalala pamoja. Hali ni hiyohiyo kwenye nyaya za faiba zinazoshuka Kusini zikifuata barabara. Mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara ya Dar–Lindi eneo la Somanga. Kinachozikwa kando ya barabara kiko kwenye hatari hiyohiyo. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika pamoja na intaneti ikayumba nchi nzima. Kuyatofautisha matatizo hayo, anza hivi: kama simu za kawaida na menyu za nyota zinafanya kazi lakini WhatsApp haifunguki na mnara haujajaa watu, huenda tatizo liko mbali, baharini. Kama kila kitu kimezima, liko mnarani kwenu au njiani kuja Dar. Swali la kumwuliza afisa wa kampuni akija na hotuba ya mabilioni ni hili: njia ya pili ya kutoka Masasi hadi Dar mnayo?

Kuhusu kijiji chenu. Mahali ambapo biashara hailipi, njia ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya 2006. Mfuko hutoa ruzuku na kampuni hushindana. Anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye hujenga. Hivyo kijiji hakichagui mtandao. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713, pamoja na kuongeza uwezo wa minara 304 iliyokuwepo. Orodha huenda kwa kata, kwa hiyo anzeni kwa diwani au ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, muulize kama kata yenu imo na nani amepewa. Kama haimo, barua ya maombi ipitie halmashauri, iwe na idadi ya kaya kwa kila kitongoji, jina la shule na zahanati, viwianishi vya GPS vya mahali pa juu mnapopendekeza, na muhtasari wa mkutano ulioridhia ardhi. Mgogoro wa ardhi huchelewesha minara mingi, na huo hauhitaji fedha kumalizwa.

Ulizeni pia mnara ni wa 2G au 4G. Wa 2G peke yake unatosha kupiga na kutuma pesa, basi.

Nataka kuhama mtandao na namba yangu. Nianzie wapi? – Bodaboda, Lindi mjini

Nenda duka la mtandao unaohamia, siyo unaotoka, ukiwa na namba ya NIDA. Huduma hii ipo tangu Machi 2017. Kabla ya kwenda piga \*106# uhakikishe namba imesajiliwa kwa jina lako, maana iliyosajiliwa kwa jina la shemeji haihami. Toa pesa yote iliyo kwenye akaunti ya simu, lipa mkopo wa salio au wa pesa kama unadaiwa, maliza bando. Salio na bando havihami. Baada ya kuhama, ijulishe benki na chama chako cha akiba wakuunganishe upya, la sivyo ujumbe wa uthibitisho unaweza kukosa njia. Na kabla ya yote hayo nunua laini mpya ya bei ya kawaida ya mtandao huo, ipime siku mbili kijiweni kwako saa 2 usiku.